Sanda ya Filamu

Mimi ni muosha maiti. Nilianza nikiwa na miaka ishirini na saba, nikimshikia mama mkwe wangu ndoo, na leo nina sitini na mbili. Wanawake wa Msambweni waliopita mikononi mwangu siijui idadi yao, na nilichokiona mwilini mwa mmoja hakijafika kwenye sikio la mwingine. Ndivyo kazi ilivyo. Kwa hiyo zamani mtu akisikia kwamba Bi Zainabu amesema fulani amefariki, hakuuliza mara ya pili. Alitafuta buibui lake akaja. Ninalisema hili mwanzoni kwa kuwa bila hilo hamtaelewa nilichomfanyia Mwanapili.

Mimi na yeye tulikaa mkeka mmoja chuoni, na viboko vingi nilivyopigwa na maalimu vilikuwa haki yake. Alinichekesha kwa makusudi, kisha yeye akainamia juzuu yake na kusoma kwa utulivu, na mimi ndiye niliyeonekana mtundu. Hakubadilika. Hata uzeeni alikuwa akicheka mpaka jirani wa nyumba ya tatu anauliza kuna nini kwa Bi Mwanapili leo.

Aliolewa na Chirau, askari wa usiku kwenye majumba ya wazungu huko Diani. Alimzalia watoto wanne, na watatu kati yao tuliwazika kabla hawajajua kusema. Akabaki Nassir. Mtoto alipotimiza miaka tisa, Chirau aligongwa na gari alfajiri akitoka zamu kwa baiskeli, na Mwanapili hakutaka mume mwingine. Alisema waume wanakula sana.

Akaingia kwenye korosho. Alizinunua mbichi, akazichoma nyuma ya nyumba katika karai bovu lililotobolewa matundu, akazibangua moja moja kwa jiwe. Asiyeijua kazi hiyo atadhani ni kukaa kitako tu. Ganda la korosho lina utomvu unaochoma ngozi, na miaka ikipita vidole huisha alama. Alipokwenda kutafuta kitambulisho kipya, mashine ilikataa kumtambua, ikakataa mara tatu, mpaka karani akaita mkubwa wake. Tulimtania sana kwa hilo. Tukamwambia akaibe hoteli nzima ya Diani, maana polisi hawatapata pa kuanzia.

Nassir hakuruhusiwa kugusa korosho hata moja ila ya kula. Mama yake alisema mikono ile itashika kalamu. Ilishika kalamu mpaka kidato cha nne, kisha ikashika spana. Alikwenda na malori, akawa taniboi, msaidizi wa dereva, akashukia Samburu kwenye barabara ya Nairobi, na hapo akafungua kibanda cha kuziba pancha. Alikuwa mtoto mzuri. Alipiga simu kila Ijumaa, na kila Idi alikuja.

Idi moja akaja na neno. Alikuwa amepata mchumba, Kadzo, binti wa Mzee Randu, mfugaji wa mbuzi wa huko huko Samburu. Wazazi wake walikuwa watu wa kanisa, lakini msichana mwenyewe alikuwa radhi kusilimu. Mimi nilikuwepo, nimeshika sinia la pilau, na nilifurahi. Nikamtazama shoga yangu nikitaka tupige vigelegele. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Sikuvimaliza vidole vyangu ili uniletee mchunga mbuzi wa Nyika," alisema.

"Mama, anasilimu."

"Hata akisilimu mbuzi wake wote. Mguu wa msichana huyo hauingii nyumba hii mpaka mimi nitolewe kwa jeneza."

Nassir alisimama. Ana ukimya wa baba yake, lakini kichwa ni cha mama yake. "Basi, Mama," alisema, "mimi na yeye tutakuja kukuzika." Akavaa viatu, akatoka, na pilau lilikuwa bado linafuka moshi.

Kwenye maneno yale ningeliweka sinia chini nikawatandika wote wawili. Sikufanya. Nilidhani ni hasira za siku mbili. Zikawa miaka sita. Nassir alibadilisha nambari ya simu. Alioa huko huko, tukasikia kwa watu. Tukasikia tena kwamba wamepata mtoto wa kike. Mwanapili alisikia habari hizo akiwa anabangua, na jiwe halikusimama, lakini siku ile alivunja korosho nyingi zikawa unga.

Nilimwambia amfuate. Nilimwambia mpaka nikachoka na sauti yangu mwenyewe. Mtoto akikunyea kiganja, je, unakikata?

"Mama hamfuati mtoto," alinijibu. "Yeye anajua njia."

Lakini kila Idi aliweka sahani moja ya ziada, akaifunika kawa, na jioni akampelekea jirani akisema kwamba alipika kikazidi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi niliyekaa naye kila siku niliuona, na niliuchukia, na nikamchukia Nassir kidogo, na yeye nikamchukia kidogo pia kwa kiburi chake.

Basi mwaka juzi, mvua za masika zilipokwisha, wakaja watu wa filamu. Walipanga nyumba moja ya kizamani yenye baraza, ya pili kutoka kwa Mwanapili, wakajaza nyaya na taa mpaka mbuzi wakahama. Mkubwa wao alikuwa msichana wa Nairobi aitwaye Rispah, kanyoa kipara, anakimbia huku na huku na simu mbili. Alitueleza hadithi yao. Ni ya mama mmoja mwenye watoto watatu waliokwenda mbali. Anakaa barazani miaka mingi akiwangoja, mwisho anakufa, na kitinda mimba anafika maiti akiwa tayari amekafiniwa. Wanawake waliokuwa pale wote walimtazama Mwanapili, kisha wakatazama chini.

Waliazima mengi mtaani. Jeneza tu ndilo walilokosa, kwa kuwa imamu aliwaambia jeneza la msikiti si la mchezo, na fundi akawaundia la mbao nyembamba. Mimi nikaitwa niwafundishe namna ya kukafini. Nilikubali kwa masharti. Nilisema siogeshi mtu hai, namvika sanda juu ya nguo zake, na vifundo sifungi, maana vifundo hufunguliwa kaburini. Rispah akaandika yote kwenye karatasi.

Hapo ndipo tabu ilipoanza. Mwigizaji wao mkubwa, mama mmoja wa Mombasa, alikuwa ameigiza kila kitu, amelia, ameanguka, lakini alipoiona ile nguo nyeupe alikataa katakata. "Nivisheni gunia," alisema. "Sanda, la." Rispah akatafuta mwanamke wa kimo kile kile, maana uso ungeonekana kidogo tu. Aliowauliza wote walikumbuka wameacha chungu motoni. Mwanapili akasema, "Mimi nitalala."

Nilimvuta nyuma ya nyumba. Nilimwuliza kama amerukwa na akili, mtu kujitakia sanda mchana kweupe.

"Zainabu," alisema, "yule kijana wa filamu atanipigia magoti anililie. Mimi nitakuwa ninamsikia. Wewe unajua maiti wangapi wamesikia wakililiwa? Nataka nisikie mara moja tu, mtu akiniita mama, niko hai."

Nilikwenda nikamvika.

Tulianza asubuhi. Mwanapili alilala, wakampaka poda ya kumtoa damu usoni, nami nikamkunja kama ninavyowakunja wote, nikaacha uso. Mikono yangu haikujua kwamba ni mchezo. Wanawake wa mtaa walikaa ukutani na leso zao, wameambiwa walie. Hawakuhitaji kufundishwa. Kila mmoja alimlilia maiti wake mwenyewe. Yule kijana akaingia, akapiga magoti, akasema, "Mama, nimerudi," na machozi yakamtoka Mwanapili yakachimba mifereji kwenye poda.

"Simameni!" Rispah alipaza sauti. "Mama, please, maiti hatoi machozi. Tutarudia, sawa?"

Walirudia mara tano. Mara ya tano ndipo alipoweza kufa vizuri.

Sasa sikilizeni lilipotokea kosa. Hanifa, msichana wa jirani yetu, alikuwa miongoni mwa waliaji, na alipiga picha kwa simu. Akamtumia dada yake aliye Lunga Lunga, kwa kujisifu tu, aone Bi Mwanapili alivyo mwigizaji. Dada akampelekea shangazi. Kule kwa shangazi maneno ya mwanzo yakadondoka, ikabaki picha peke yake. Kwetu ukiona picha ya mtu ndani ya sanda, na wanawake wamejiinamia, huulizi ilikotoka. Unaandika "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun" na unaipeleka mbele upesi, kwa sababu maiti wetu halazwi usiku, na aliye mbali akichelewa kuambiwa atakuta udongo. Kabla ya adhuhuri picha ilikuwa kwenye kundi la ukoo mzima, na kutoka hapo ikawafikia hata madereva wa malori.

Simu yangu ikalia. Nambari sikuijua.

"Shikamoo, Bi Zainabu."

Sauti niliijua. Nilimkata kitovu mimi. "Marahaba, mwanangu."

"Nimeona picha ya Mama." Malori yalikuwa yakipita nyuma yake. "Nimeona ni sanda unavyoikunja wewe. Nikasema, nisimwulize mtu mwingine. Ni kweli?"

Nilimtazama Mwanapili. Watu wa filamu walikuwa wamepumzika. Alikuwa amekaa juu ya lile jeneza la mbao, sanda imemwangukia kiunoni, kikombe cha chai mkono mmoja na mahamri mkono mwingine, anamwambia kijana aliyemlilia kwamba analia vizuri lakini pua yake inadondoka. Kila mtu alikuwa akicheka.

Nilitaka kusema hapana. Wallahi nilitaka. Neno lilikuwa hapa ulimini. Lakini nikaona: nikisema mama yu hai, atasema alhamdulillahi, atakata simu, na nambari hii nayo ataibadilisha. Miaka sita. Akija, akamkuta mama yake amesimama mlangoni, nani ataukumbuka uongo kwenye furaha kubwa namna ile? Hivyo ndivyo nilivyofikiri, mwanamke mzima, mwenye amana ya maiti.

"Njoo, mwanangu," nilisema. "Njoo na mkeo, na mtoto."

"Mtanisubiri?"

"Tutakungoja."

Alianza kulia, nami nikakata.

Sikumwambia Mwanapili. Nilitaka amwone ghafla. Nilizunguka mchana ule, nikajitolea kupika, nikapika wali mwingi kuliko watu.

Kutoka Samburu hadi kwetu kwa njia ya Kinango ni mwendo wa saa tatu hivi. Baada ya alasiri likaja gari dogo la kubebea mizigo, limejaa vumbi jekundu. Wa kwanza kushuka alikuwa mzee mmoja mrefu, kofia ameishika mkononi. Ndiye Mzee Randu. Yule mtu aliyeambiwa binti yake ni mchunga mbuzi alikuwa ameacha mbuzi wake akaja kuzika, na nyuma ya gari kulikuwa na gunia la mahindi, mchango wake wa matanga. Nilipoliona gunia lile ndipo nilipofahamu nilichofanya.

Akashuka Kadzo na buibui lake. Akashuka mtoto wa kike wa miaka minne. Nassir alishuka mwisho, macho mekundu, amenenepa, ana mvi mbili tatu. Akaelekea mlangoni kwa mama yake, na mlangoni akatokea mama yake.

Alikuwa ametoka kuchukua maji. Poda bado ilikuwa usoni. Kadzo alipiga yowe akarudi nyuma. Mwanapili alilidondosha kopo, akasema, "Nassir," kisha akasema tena, "Nassir," akaenda kwake mikono mbele, anacheka na kulia kwa pamoja.

Nassir hakusogea. Alimwangalia mama yake. Akaangalia nyumba ya pili, taa, nyaya, jeneza la mbao limeegemezwa ukutani, msichana wa kipara anakunywa soda. Niliona akielewa, na niliona akielewa vibaya.

"Umeniita kwa kifo chako, Mama?"

"Sikukuita, mwanangu. Wallahi sikukuita. Ni filamu tu, hii ni..."

"Nimelia tangu Samburu. Mkwe wangu ameomba gari kwa watu."

Mwanapili hakuwa akimsikiliza tena, amemwona mtoto. Alichuchumaa, maskini, na magoti yake yale. "Na wewe, jina lako nani?"

"Mwanapili," mtoto alisema.

Desturi yetu wengi mnaijua: binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Lakini desturi hufuatwa na watu waliopatana. Nassir aliifuata akiwa na hasira zote zile, na hakutuma salamu ya kutuambia. Shoga yangu alimshika mtoto mikono yote miwili akamtazama. Kisha akainua uso kwa Kadzo. "Ingia ndani, mwanangu. Ingia, nyumba ni yako, mlete na baba."

Kadzo alitaka kuingia. Mguu wake niliuona ukinyanyuka.

"Haijafika siku yake," Nassir alisema. "Ulisema mpaka utolewe kwa jeneza. Tutangoja uwe maiti kweli." Akamwinua mtoto kutoka mikononi mwa bibi yake.

Mzee Randu alijaribu. "Mwanangu," alimwambia, "tulikuja kuzika, tumemkuta mzima. Si tushukuru?" Nassir alinigeukia mimi.

"Bi Zainabu, wewe ndiwe unayeosha watu."

Hapo, mbele ya wote, nilikuwa na nafasi yangu. Ningesema, mama yako hajui lolote, ni mimi, nipigeni mimi. Mtaa mzima ulikuwa umetoka. Wanawake ambao nimewaosha mama zao walikuwa wakinitazama. Niliona aibu. Nikaona neno langu likinivunjikia hadharani, nikanyamaza. Nassir akauchukua ukimya ule kuwa tumepanga sote wawili, mimi na mama yake, akawapakia watu wake akaondoka. Mzee Randu alilishusha gunia la mahindi akaliweka ukutani kwa adabu, kwa kuwa mtu harudi na mchango wa matanga nyumbani kwake.

Mwanapili alikuja jikoni kwangu baadaye, ameosha uso. Alikuwa amekwisha kujua.

"Ni wewe uliyemwambia."

"Ni mimi."

Nilingoja anitukane. Alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi akachezea kifuu. "Angalau nimemwona," alisema. "Umeona mtoto alivyo na paji la Chirau?" Akaanza kulia, na mimi nikalia, na wali ule mwingi ukaganda sufuriani.

Tangu siku ile kiburi kilimtoka chote. Nambari alikuwa nayo sasa, akapiga kila siku baada ya magharibi. Simu iliita mpaka mwisho. Mimi nilipiga pia, nikiwa nimejiandaa kuungama, na haikushikwa. Hatimaye akasema, "Mimi nitamfuata. Nitakwenda Samburu nikakae kwenye kibanda chake mpaka anifukuze na mpira wa lori." Alicheka aliposema hivyo, kwa mara ya kwanza katika muda mrefu. Tukapanga twende wote wawili, mimi niseme yangu na yeye aseme yake. Alichoma korosho za kumpelekea mjukuu, akazibangua kwa uangalifu zisivunjike. Tukachagua Alhamisi.

Jumanne asubuhi Hanifa alikuja mbio. Mwanapili alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, mgongo ukutani, jiwe limeanguka kando. Nilimgusa shingo. Mimi sihitaji mtu wa kuniambia. Nilimfumba macho, nikaketi chini karibu naye kwa muda, kisha nikachukua simu.

Nilijua asingeshika nambari yangu, nikatumia ya Swabir, mtoto wa dada yake Mwanapili. Alishika.

"Nassir, ni Bi Zainabu. Usikate. Mama yako amefariki asubuhi hii."

Lori likapita. "Safari hii mnalipwa na nani?" aliuliza.

Niliapa. Niliapa kwa msahafu, kwa mume wangu, kwa wote niliowaosha. Kisha nikasema lile ambalo ningelisema miezi minne nyuma. "Mama yako hakujua kitu siku ile. Mimi ndiye niliyekudanganya, peke yangu. Ni mimi niliyesema uongo, Nassir."

"Basi kwa nini leo nikuamini?"

Alikata. Tulipiga tena kwa simu ya imamu, kwa simu ya Hanifa, na kila nambari ya Msambweni ikawa haimpati. Hanifa akaniambia, tumpige picha tumtumie aone. Nilikuwa nimeshika simu mkononi. Sijawahi kumpiga picha maiti maishani, lakini ningempiga, ningeivunja na amana hiyo pia. Kisha nikakumbuka kwamba picha anayo tayari, ya sanda ile ile, ya uso ule ule, iliyokunjwa na mikono hii hii. Niliirudisha simu kwa mwenyewe. Swabir alitaka kumfuata kwa pikipiki, imamu akasema asingewahi kwenda na kurudi, na maiti hawezi kulazwa kwa sababu ya mtu asiyekuja.

Nilimwosha. Nilimwanzia upande wa kulia kama inavyotakiwa, na nilipofika kwenye vidole nilichelewa mno, mpaka wenzangu wakanishika bega. Nilimtia karafuu maiti, nikamkunja, na mara hii nikafunga vifundo.

Waliswali alasiri, wakamchukua. Sisi wanawake hatuendi makaburini. Nilikaa ndani ya nyumba nikawasikia wakienda na tahlili mpaka sauti zikapotea. Mwanamke hupokelewa kaburini na maharimu wake, wanaume wa damu yake, na wa kwanza ni mwanawe. Alishuka Swabir.

Nimeacha kazi tangu siku hiyo. Watu wananiambia nirudi, na kuna wanaosema kwa mdomo tu. Filamu yenyewe wameionyesha Ukunda, na Hanifa amenieleza kwamba pale maiti anapoonekana ukumbi mzima ulilia. Mimi sikwenda.

Siku ya tatu ya matanga simu yangu ililia. Dereva mmoja wa lori, mtu wa kwetu, alikuwa amesimama Samburu kujaza upepo, akampa mkono wa taazia mwenye kibanda.

Nassir hakunisalimu. "Ulimwosha wewe?"

"Nilimwosha mimi."

"Nani alishuka kaburini?"

"Swabir."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu."

Nilimsikia akipumua. Nilimwomba anitukane. Nilimwambia, mwanangu, sema lolote, mimi nimekaa hapa ninakusikiliza.

"Saa kumi na nusu sikuwa na kazi, Bi Zainabu," alisema. "Nilikuwa nimekaa tu."